Mafua yangu na tarehe ya kupima

Ukifanya kazi Malaba, mafua hayana msimu. Malori yanapanga foleni injini zikinguruma, moshi na vumbi vinaingia hadi mezani, na mvua zikianza kila mtu anakohoa: madereva, utingo, watu wa forodha, kina mama wa chapati. Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha, upande wa Uganda. Miaka yote niliyofanya kazi hapa sikuwahi kuyafikiria mafua zaidi ya kununua ndimu na tangawizi. Lakini kwenye mvua za mwisho wa mwaka 2024 yalinishika wiki mbili au tatu hivi baada ya kondomu kupasuka. Nilikaa na hofu ya ukimwi ambayo sitamani mtu mwingine akae nayo, na ndiyo maana naandika.

Ya chumbani siyaelezi. Nilikuwa na mwenzangu, mwalimu wa shule ya msingi, tuliyeanza kuzoeana baada ya ndoa yangu kuvunjika. Tulikuwa tunatumia kinga kwa kuwa hatukuwa tumepima pamoja, na usiku mmoja ikapasuka. Tuliangaliana, tukanyamaza. Asubuhi nikaenda kazini, makaratasi yakanimeza, na siku zikapita. Halafu koo likaanza kuwasha.

Siku ya pili pua iliziba, kichwa kikauma juu ya macho, na jioni mwili ukapata joto. Nilijipapasa chini ya taya nikakuta tezi imevimba, ukiibonyeza inauma. Karani mwenzangu tunaotazamana naye alikuwa na mafua yale yale, tena yeye ndiye aliyeanza. Mtu yeyote mwenye akili tulivu angesema tumeambukizana ofisini. Ila yeye hakuwa na usiku wa kuukumbuka, mimi nilikuwa nao, na kila nilipopenga kamasi niliukumbuka.

Kwa nini mafua yanitishe kiasi hicho? Nimekulia kambini, Jinja. Baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichozungumza sisi watoto wa askari waliotoka kila pembe ya nchi. Nilipokuwa mdogo ugonjwa huu tuliuita silimu, na watu wazima hawakutueleza chochote. Tulichokijua tulikisikia mlangoni, mama zetu wakiongea kwa sauti ya chini wakati wa kuchambua mchele: fulani ameondoka, na alianza na kahoma tu, fulani alipata kikohozi, tukadhani ni baridi ya zamu ya usiku. Ndivyo ugonjwa ule ulivyoingia kichwani mwangu. Ulianza kama mafua, na mwisho wake ulikuwa lori la jeshi linalobeba jeneza kulipeleka kijijini.

Baba alikuwa na hadithi moja aliyopenda kuirudia, na ni habari ya kweli inayojulikana. Mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 kwenye mafunzo Cuba. Walipopimwa huko, 18 wakakutwa na virusi. Fidel Castro mwenyewe ndiye aliyempasha Rais Museveni habari hiyo, walipokutana Harare kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Baba akifika hapo alikuwa anainua kidole: hawa ni vijana walioondoka kwa miguu yao kwenda kukimbia na kubeba bunduki, hawakubebwa kwa machela. Mimi utotoni nilishika ile namba 18 na hofu yake. Kidole cha baba sikukielewa. Alikuwa anasema kwamba jicho halikuona kitu, kipimo ndicho kilichoona.

Na nadhani nchi nzima ilibaki na picha ya jicho. Philly Lutaaya, mwanamuziki wetu aliyerudi kutoka Sweden na kujitangaza hadharani mwaka 1989, alizunguka mashuleni na makanisani akiwaambia watu ukweli huku mwili wake ukiisha, na Desemba mwaka huo huo akafariki. Alifanya jambo kubwa ambalo hatutalilipa. Ila wengi wetu tuliokuja nyuma yake tulijifunza kuutambua ugonjwa kwa kutazama: nani amekonda, nani anakohoa, nani ana vipele. Miaka mingi baadaye, dawa zipo na watu wenye virusi wananenepa, wanazaa watoto wasio na virusi na kuzeeka, bado tunatazamana hivyo hivyo. Na ukiwa na wasiwasi unajitazama mwenyewe kwenye kioo kwa jicho lile lile.

Usiku nikawa nasoma kwenye simu, mwanga nimeupunguza ili binti yangu asiamke. Kila orodha ilitaja homa, koo, tezi, uchovu, misuli kuuma, vipele, vidonda mdomoni. Nilivyo navyo nilivihesabu, na nisivyokuwa navyo nilivitafuta mwilini kwa tochi.

Orodha zile hazisemi uongo. Virusi vya ukimwi vikishaingia huzaliana kwa kasi, na watu wengi, kati ya wiki ya 2 na ya 4, hupata homa inayofanana na mafua makali. Inakaa siku kadhaa, pengine wiki mbili, kisha inaondoka yenyewe na mtu anajiona mzima. Shida ni kwamba homa, koo na uchovu ndivyo mwili unavyopokea karibu kirusi chochote. Influenza iko hivyo. Korona ilikuwa hivyo. Malaria, ambayo hapa kwetu haitoki mlangoni, huanza na kichwa na viungo hivyo hivyo. Ukiwachukua watu 10 wenye homa na koo hapa Malaba ukawapanga mstari, hakuna daktari atakayekuonyesha kwa macho nani ana nini.

Nilikuta mahali pameandikwa kwamba pua kutiririka na kupiga chafya si desturi ya maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi, hayo ni ya mafua ya kawaida zaidi. Ni kweli. Usiku ule nililala. Usiku uliofuata nikajiuliza kama mtu hawezi kuwa na vyote viwili kwa mpigo, mafua ya ofisini na kile kingine. Anaweza. Tena wapo wanaoambukizwa bila kupata hata joto la usiku mmoja. Kwa hiyo dalili zangu hazikuweza kunitia hatiani wala kunitoa hatiani, na mimi nilikuwa nimezigeuza kuwa hakimu. Naliweka hili mbele ya mengine yote kwa sababu najua wapo wanaosoma hapa saa hizi wakiwa wamejishika shingo.

Kabla ya kufika mahali pa maana nilipitia duka la dawa. Musawo, yaani mhudumu, wa pale alinisikiliza nusu, akanipa vidonge vya malaria na vidonge vya rangi mbili, amoksilini, kwenye kabahasha kadogo, vya kutosha siku mbili. Hakunichoma kidole kupima malaria. Hakuniuliza kitu kingine, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumweleza mbele ya watu waliokuwa nyuma yangu. Hii ndiyo huduma ya kwanza ya watu wengi mipakani na inaniuma, kwa sababu dawa za bakteria hazigusi kirusi cha mafua, na dawa ya malaria bila kipimo inakuacha hujui ulikuwa unaumwa nini. Homa ikishuka yenyewe unasema dawa imefanya kazi. Swali lako lenyewe linabaki pale pale.

Aliyenisaidia ni muuguzi wa kituo cha afya cha serikali, mama wa makamo, mfupi, anayeongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kiteso. Nilikaa kwenye benchi lake nikaanza kumimina dalili zangu kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nimezikariri. Aliniacha nikafika kwenye tezi, kisha akaweka kalamu juu ya daftari.

“Mama, tukio lilikuwa tarehe ngapi?”

Sikuwa nimesema neno lolote kuhusu tukio. Nadhani ameona wengi wanaokuja na mafua wakiwa na uso kama wangu. Nikamtajia tarehe. Akageukia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, mraba mmoja mmoja, hadi siku ya leo. Ndipo akaanza kunieleza, na alieleza kwa kufuata ile kalenda.

Saa 72 za kwanza, alisema, kuna dawa za kinga, zile wanazoziita PEP. Ni kidonge kimoja kila siku kwa siku 28, na unapoanza mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Zikipita saa 72 hazitolewi tena. Nilikuwa nimezisikia, lakini nikidhani ni za waliobakwa na wauguzi waliojichoma sindano. Akatikisa kichwa. Ni za yeyote aliyepitia hatari, na kondomu iliyopasuka ni hatari. Kwangu mlango huo ulikuwa umefungwa siku nyingi. Hakunilaumu, aliendelea tu na kalenda.

Vipimo vya kidole vinavyotumika vituoni, alisema, kwa sehemu kubwa vinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya virusi, na mwili unachukua muda kuwatengeneza. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na virusi vingi, tena akiwa katika siku zake za kuambukiza wengine kwa urahisi zaidi, huku mstari wa kipimo hautokei. Vipo vipimo vya maabara vinavyokamata virusi mapema zaidi, ila benchi lile halikuwa navyo. Angenipima leo ili tujue nilikuwaje kabla ya usiku ule, kisha nirudi ikitimia miezi mitatu tangu tukio. Jibu la siku hiyo ndilo la kushika. “Mafua yako yakiisha kesho, utarudi. Yakikaa mwezi, utarudi. Tarehe ni ile ile.”

Nililia kidogo, na nilikuwa nalia kwa nafuu. Kwa mara ya kwanza jambo lilikuwa na mwisho unaojulikana.

Kisha akanikagua, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu sijawahi kukaguliwa hivyo. Aliniambia nifungue viganja. Akavisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akavigeuza, akapitisha kidole gumba katikati ya mistari ya kiganja. Akaomba nivue viatu, akatazama nyayo. Mdomo, ulimi, chini ya ulimi. Shingo, kwapa, kinena. Nilimuuliza viganja vina nini. Akasema kaswende ikifika hatua ya pili inaweza kuleta homa, koo na tezi kama mafua, na vipele ambavyo mara nyingi vinafika viganjani na nyayoni, mahali ambapo vipele vingi havifiki. Tena tangu Agosti ya mwaka ule kulikuwa na mpox nchini, imeanzia kule Kasese mpakani mwa Kongo, nayo huanza na homa, kichwa na tezi kabla ya malengelenge kutoka, na inapita kwa ngozi kugusana na ngozi, kitandani ikiwemo. Viganja vyangu vilikuwa safi. Alipima malaria, haikuwepo. “Haya ni mafua,” akasema. “Sasa tuyaache, tufanye kilichokuleta.”

Alinichoma kidole, akanyonya damu kwa kile kimrija chembamba, akaidondosha kwenye vipimo vitatu alivyovipanga juu ya kitambaa: virusi vya ukimwi, kaswende, na hepatitisi B, yaani homa ya ini. Akatega saa. Dakika zile macho yangu yalikuwa kwenye kipimo cha kwanza tu. Ule mstari wa udhibiti, unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, ulipojitokeza nilishtuka nikidhani ndio wenyewe. Akanionyesha ni upi na ni upi. Pale ambapo nilikuwa naogopa pakabaki peupe. Cha hepatitisi nacho peupe.

Cha kaswende kilikuwa na mistari miwili.

Sikuelewa kwanza. Sikuwa nimeumwa kitu. Sikuwahi kuona kidonda, wala kipele, wala uchafu. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu, miaka mingi nyuma, nilipimwa kliniki na sikuwa nayo. Sista, yule muuguzi, akanieleza bila haraka. Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, na kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani kabisa, asikione. Kinapona chenyewe baada ya wiki chache. Vipele vikija navyo vinaondoka. Kisha ugonjwa unakaa kimya miaka, na usipotibiwa unaweza kufika kwenye moyo, macho au ubongo, na mama mwenye mimba anaweza kumwambukiza mtoto tumboni au kumpoteza. Ilianza lini kwangu, kutoka kwa nani, kipimo hakisemi. Kwa sababu kile kidonda cha mwanzo huchukua kama wiki tatu kujitokeza na damu huchelewa zaidi kuonyesha, yeye hakudhani imetokana na usiku wa kondomu. Pengine ilikuwa nami tangu ndoa yangu.

Hebu fikiria. Wiki nzima nilikuwa nimetega sikio kwenye koo na pua, vitu ambavyo havikuwa na habari yoyote, na ugonjwa niliokuwa nao kweli haukuwa umenipa hata mwasho. Ningesubiri dalili ningesubiri hadi lini? Na si kaswende peke yake. Kisonono na klamidia kwa wanawake wengi hukaa bila dalili huku vikiharibu mirija ya uzazi. Kisonono cha kooni mara nyingi hakiumi hata kidogo. Vituo vyetu vingi vinatibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili anazoeleza mgonjwa, kwa sababu vipimo ni vichache, na mimi sina cha kuwasema wauguzi wanaofanya kazi na walichopewa. Lakini maana yake ni kwamba asiye na dalili hahesabiki asipoomba mwenyewe. Omba. Sema, nipimeni kaswende pia. Kwa wajawazito kipimo hicho hufanywa pamoja na cha virusi vya ukimwi. Kwa sisi wengine inategemea nani yuko kwenye benchi siku hiyo, na kama umefungua mdomo.

Dawa yake ni penisilini, sindano ya takoni. Kwa kuwa muda haukujulikana nilipewa tatu, moja kila wiki. Aliuliza kwanza kama penisilini imewahi kunidhuru. Sindano ni nzito na inauma, nilitembea nikichechemea hadi ofisini na nikasema nimeteleza bafuni. Usiku wa ile ya kwanza nilipata joto na kutetemeka. Sista alikuwa ameshanionya kwamba ndani ya saa 24 inaweza kutokea hivyo wadudu wanapokufa, na ni vya kupita. Nilijifunika blanketi nikangoja, na asubuhi homa haikuwepo. Bila onyo lake ningekuwa na ushahidi mwingine wa kujitia hatiani.

Aliniambia pia jambo ambalo nimeshalihitaji: kile kipimo cha haraka cha kaswende kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili maisha yote hata baada ya kupona, kwa hiyo kila atakayenipima nimwambie nilitibiwa lini. Kujua kama dawa imefanya kazi ni kipimo kingine cha damu, kinachohesabu viwango vikishuka. Aliandika tarehe za sindano kwenye kijitabu changu cha matibabu, nami nimekihifadhi pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.

Kumwambia mwenzangu kulinichukua siku kadhaa. Nilimwambia tukiwa tumesimama nje ya shule yao, watoto wameshaondoka, kwa sababu ndani ya nyumba nisingeweza. Alikasirika, akanyamaza, kisha akaja kupimwa, na kwa hilo namheshimu. Jibu lake la virusi lilikuwa hasi. Akanigeukia palepale akisema, basi tuko salama wote. Sista akamkatiza kwa upole: “Baba, damu yako ni yako, ya mama ni yake.” Hapa kwetu wanaume wengi wanapimwa kwa kumtuma mke kliniki, na wanawake wengi wanajiona wamepona kwa kuwa mume amepona. Wapo mume na mke wengi wanaoishi mmoja ana virusi na mwingine hana. Na mwenye virusi anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wake hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hili limethibitishwa, na lingejulikana zaidi lingepunguza matusi mengi. Kwa kaswende mstari wake haukutokea, ila alichomwa sindano pia, kwa sababu kipimo kingeweza kuwa bado hakijaona. Tuliambiwa tusikutane hadi dawa imalizike.

Kisha kukaja kungoja. Mafua yenyewe yaliisha ndani ya wiki. Hofu haikuisha nayo. Nilikosa hamu ya chakula, sketi ikalegea kiunoni, nikasema nimeanza kukonda. Nililala nimejifunika gubigubi kwenye joto, nikaamka nimelowa jasho, nikasema hizi ndizo zile jasho za usiku. Moyo ulikuwa unaenda mbio nikipanda ngazi za ofisi. Hofu inatengeneza dalili zake yenyewe, na zinafanana vibaya na zile za kwenye orodha. Rafiki yangu alinipa kile kifaa cha kujipima nyumbani kwa kupangusa fizi; nikakitumia mapema, jibu likawa hasi, nikafurahi jioni ile, kisha nikakumbuka kalenda ya Sista na kukiweka kando. Kifaa ni kizuri na kina siri, lakini nacho kinatafuta askari wale wale na kinahitaji miezi mitatu ile ile. Kikionyesha mistari miwili bado hujaambiwa una virusi: unakwenda kituoni kurudiwa kwa vipimo vingine.

Kilichonisaidia kungoja ni kufuta. Nilifuta zile kurasa kwenye simu. Nikaacha kujipapasa shingo, kwa sababu tezi ukiibonyeza kila saa itauma tu. Nikamwambia mtu mmoja, dada yangu wa Jinja, na kila nilipotaka kutafuta dalili usiku nilimpigia yeye. Hakuwa na elimu ya udaktari. Alikuwa anauliza zimebaki wiki ngapi, namjibu, tunaongea mengine.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi kwenye benchi lile lile. Hasi. Sista aliniambia nikapumzike, na nisiache kupima kila ninapoanza mahusiano mapya, na tupime wote wawili siku moja. Mimi na mwalimu bado tuko pamoja.

Miezi kadhaa baadaye binti mmoja aliyekuja ofisini kwetu kujifunza kazi aliniuliza tukiwa tunapanga mafaili, bila kuniangalia: “Anti, dalili za ukimwi zinaanza kuonekana baada ya muda gani?” Niliweka mafaili chini. Nikamuuliza ilikuwa lini. Juzi usiku, akasema. Nilihesabu saa palepale kwa vidole, zilikuwa hazijafika 72. Hatukuongea habari za dalili hata kidogo. Nilimwomba bosi ruhusa, nikasema binti anaumwa, tukapanda boda hadi kituoni. Alipimwa, akapewa vidonge vya siku 28, na Sista akamuuliza pia kuhusu mimba, kwani nayo ina vidonge vyake vya dharura na saa zake. Katika wiki ya pili alishikwa na mafua, mvua zilikuwa zimeanza na nusu ya ofisi ilikuwa inakohoa. Alinipigia saa tano usiku kuuliza kama ndiyo yameanza, na kama aache dawa. Nikamwambia asiruke kidonge hata kimoja, na asubuhi apite kupima malaria.